Mshauri Rika Anapewa Beji. Pumzi Je?

Saa nne na nusu usiku. Taa za bweni zimezimwa, kiranja ameshafoka mara ya mwisho, na kuna mtu amesimama gizani kando ya kitanda chako. Hataki mwalimu. Anakutaka wewe, manake wewe ndiye mshauri rika wa bweni hilo na beji uko nayo. Anakaa, anaanza kunong'ona mambo ya kwao: baba, pombe, nguo za mama kutupwa nje ya geti. Unasikiliza vile ulivyofunzwa. Humkatizi, humhukumu, hucheki. Akimaliza anapangusa macho, anasema asante, anaenda kulala. Na kweli analala. Wewe ndiye unabaki macho hadi saa tisa, moyo unadunda na shingo imekaza kama ubao, utadhani aliyefukuzwa ni mama yako.

Kama umewahi kuvaa hiyo beji, unajua siongezi chumvi. Na ugomvi wangu leo ni huu: hii kazi tunaifundisha nusu. Tunamfunza kijana wa miaka 16 kusikiliza kwa masikio, halafu tunasahau kwamba mwili wake nao unasikiliza. Hakuna anayemwonyesha vile unatulizwa. Nimekuwa nikichimba ni vipi tulifika hapa, na kumbe ni hadithi ya zaidi ya miaka 100. Ndani yake kuna madaktari, paka, kesi mahakamani na walimu wa nchi iliyotoka vitani. Vuta kiti.

Tuanzie Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka wa 1908. Kijana mmoja wa Chicago anayeitwa Edmund Jacobson, miaka 20 tu, anachunguza kitu kinachoonekana cha kijinga: kwa nini watu hushtuka wakisikia kishindo cha ghafla? Akagundua jambo ambalo lilimshika maisha yake yote. Mtu ambaye misuli yake imelegea kabisa hashtuki, au anashtuka kidogo sana. Kishindo ni kile kile, masikio ni yale yale, kilichobadilika ni mwili.

Mwaka wa 1915, chuoni humo humo, Walter Cannon akachapisha kitabu kilichoeleza upande wa pili: mwili ukihisi hatari unajiandaa kupigana au kutoroka. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli, tumbo linaacha kusaga chakula. Hiyo ndiyo sababu huwezi kula asubuhi ya mtihani wa hesabu. Mwili haujui tofauti ya chui na karatasi ya maswali, unajua tu kwamba kuna kitu kinakuja.

Jacobson alirudi Chicago akaendelea na kazi yake kwa miaka mingi, na mwaka wa 1929 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya kulegeza misuli hatua kwa hatua. Na hapa nataka tukae kidogo, manake karibu kila video ya mbinu hii unayoona mtandaoni inamnukuu vibaya. Wengi wanafunza hivi: kaza ngumi, hesabu hadi tano, achilia, ahh, umetulia. Jacobson hakuwa na haraka hiyo. Kukaza, kwake yeye, hakukuwa dawa. Kulikuwa njia ya kukuonyesha kile ambacho hukuwa unakiona. Hebu jaribu, ukimaliza aya hii. Weka mkono juu ya meza, kiganja kikiangalia chini, halafu inua kiganja tu, kama mtu anayesimamisha matatu bila kuinua mkono mzima. Subiri. Utahisi kitu hafifu juu ya mkono, karibu na kiwiko. Hicho ndicho alichotaka ukijue. Sasa acha kukifanya. Usijitahidi kutulia, acha tu kufanya. Alimweka mtu kwenye zoezi dogo kama hilo kwa karibu saa nzima, siku nyingine misuli mingine, miezi mingi. Mwishowe mtu hakuhitaji kukaza kitu tena. Akiwa amekaa kwenye mkutano aliweza kugundua taya limebana, na kuliachilia bila jirani kujua.

Kuna jaribio lake lingine ambalo mimi naliona kama ufunguo wa mambo haya yote. Akisaidiwa na maabara za kampuni ya simu ya Bell, alipata vifaa vya kupima umeme mdogo sana kwenye misuli. Akamwambia mtu alale, asisogee, awaze tu kwamba anainua mkono. Mkono haukuinuka. Lakini misuli ya mkono huo ilitoa umeme. Kuwaza tu kulitosha.

Sasa rudisha akili kwa yule mshauri rika. Mwenzake anamsimulia vile alivyopigwa, naye anaiona picha yote kichwani, kwa sababu ndivyo mtu mwenye huruma anavyosikiliza. Ikiwa wazo la kuinua mkono linafika mkononi, wewe unafikiri wazo la mkanda linafika wapi? Huo ni ufasiri wangu, si wa Jacobson. Lakini muulize mshauri rika yeyote kuhusu mabega yake.

Tatizo la Jacobson lilikuwa wakati. Nani ana miezi? Aliyeipunguza njia yake alitoka huku kwetu Afrika, na si watu wengi wanaolijua hilo. Joseph Wolpe alikuwa daktari wa Afrika Kusini, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitibu wanajeshi waliorudi wakiwa na kiwewe. Dawa zilizotumika enzi hizo kuwafanya waongee hazikumridhisha. Baada ya vita, akiwa Johannesburg, alifanya majaribio na paka. Mnyama aliyefundishwa kuogopa sehemu fulani alilishwa mbali na sehemu hiyo, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi, mpaka woga ukaisha. Kwa binadamu, badala ya chakula, alitumia ulegevu wa Jacobson, lakini kwa vipindi vichache tu. Legea kwanza, kisha waza lile linalokuogopesha kwa kiasi kidogo, kisha kikubwa zaidi. Alichapisha hayo kwenye kitabu cha mwaka wa 1958. Mwaka wa 1973 Wamarekani wawili, Douglas Bernstein na Thomas Borkovec, wakaandika mwongozo mfupi wa kukaza na kulegeza makundi 16 ya misuli. Mengi unayoona kwenye programu za simu leo yanatokana na ufupisho kama huo. Si mabaya. Lakini kila ufupisho ulipunguza kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kile kile: muda wa mwalimu kuwa mwanafunzi kwanza.

Halafu akaja Herbert Benson, na pamoja naye ugomvi wa dini.

Benson alikuwa daktari wa moyo, Harvard hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimjia watu waliokuwa wakifanya taamuli ya kutoka India, wakamwambia awapime, eti wanaweza kushusha presha yao ya damu. Aliwakataa. Alikuwa na jina la kulinda. Wakarudi, mwishowe akakubali, na vipimo vikaonyesha kwamba wakiwa wamekaa tu na neno lao moyoni, mwili wao ulitumia oksijeni kidogo zaidi, pumzi zikapungua, moyo ukapoa. Kilikuwa kinyume kamili cha kile alichoeleza Cannon. Mwaka wa 1975 Benson akatoa kitabu kilichouzwa sana, na maelekezo yake yanatosha nyuma ya tikiti ya matatu. Kaa mahali patulivu, chagua neno, funga macho, legeza misuli kuanzia miguuni, vuta pumzi na ulitaje neno lako kimoyomoyo kila unapotoa pumzi, dakika 10 hadi 20. Mawazo yakija, usipigane nayo, rudi kwa neno.

Ujanja wa Benson ulikuwa kwenye lile neno. Alisema chagua lako. Mkristo achukue la sala yake, Mwislamu lake, Myahudi lake, asiye na dini achukue "moja". Na alikuwa na sababu nzuri, kwani miaka ile ile kundi lililokuwa likifunza taamuli ya kutoka India liliingia shule kadhaa za umma za New Jersey, na kila mwanafunzi aliingizwa kupitia sherehe ya maombi ya Kihindi. Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka wa 1977 mahakama ikasema hiyo ni dini, haiwezi kufundishwa katika shule ya umma, na mwaka wa 1979 mahakama ya rufaa ikakubali.

Nimeleta hii kesi kwa sababu najua maoni yatakayokuja hapo chini. Mtu wa Umoja wa Wakristo shuleni atasema hii ni ibada ya wengine imevaa koti la sayansi. Si swali la kupuuzwa, na jibu lake halina matusi: kuna mafunzo yaliyokuja na ibada ndani, na mahakama iliyaona. Kulegeza kiganja cha Jacobson hakuna ibada yoyote. Kupumua polepole kwa tumbo hakuna mwenyewe. Mwalimu anayefunza shuleni anapaswa kujua tofauti hiyo na kuisema waziwazi siku ya kwanza, mbele ya wazazi ikibidi, badala ya kuificha.

Mpaka hapo tumefuata mto mmoja, wa mwili. Kuna mto wa pili, wa vijana kusaidiana, na cha ajabu ni kwamba mito hii ilipita karibu na haikukutana.

Mwaka wa 1970, mji wa Palo Alto, California, wanawake wawili walianzisha mpango wa kuwafunza wanafunzi wa sekondari kuwasaidia wenzao. Mmoja alikuwa mwanasaikolojia Barbara Varenhorst. Mwingine alikuwa daktari wa magonjwa ya akili Beatrix Hamburg, mwanamke Mweusi wa kwanza kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale, mwaka wa 1948. Hoja yao ilikuwa rahisi: kijana akiwa na shida anamwendea kijana mwenzake kabla ya mtu mzima, tupende tusipende, kwa hivyo heri huyo mwenzake awe amefunzwa. Wakafunza mazungumzo, kusikiliza, kufanya uamuzi, kutunza siri. Wazo likasambaa duniani na ndilo lililofika kwetu. Lakini angalia ni nini kilichosafiri: maneno. Jinsi ya kuuliza, jinsi ya kujibu, nini usiseme. Mwili wa msaidizi haukuwa kwenye mizigo.

Hapa Kenya, Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka wa 1971, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ikakipigia debe. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa zaidi ya kumwambia mwanafunzi achague masomo gani. Kisha ukaja mwaka wa 2001. Usiku mmoja wa Machi, wavulana 67 waliteketea kwenye bweni la Kyanguli, Machakos. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuchunguza vurugu za wanafunzi likataka ushauri nasaha uimarishwe. Unaona kilichotokea? Fimbo iliondolewa, na pengo lake likajazwa na neno "ushauri". Mwalimu wa ushauri nasaha alikuwa pia mwalimu wa Kiswahili, mwenye vipindi vyake vyote na vitabu vya kusahihisha. Mzigo ukateremka tena, kutoka kwake hadi kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mwenye sura ya upole.

Mafunzo yangu mimi yalikuwa Jumamosi moja, saa tatu hadi chakula cha mchana, na soda. Mgeni aliyekuja alikuwa mzuri, alichekesha, alituonyesha jinsi ya kukaa ukimwangalia mtu usoni. Mtu mmoja akainua mkono akauliza, "Na mimi nikishindwa kulala?" Akajibiwa amwombee huyo aliyemweleza shida. Kuomba ni kuzuri, sina neno. Lakini swali lilikuwa la mwili na lilikuwa halali, na lilijibiwa kama kwamba aliyeuliza hakuwa na mwili.

Je, kuna mahali mito hii miwili ilikutana? Ipo sehemu moja ninayoipenda, Kosovo.

Vita vya huko vya 1998 na 1999 viliwakimbiza mamia ya maelfu ya watu kutoka makwao, vijiji vikachomwa, watoto wakaona ndugu zao wakiuawa. Vilipoisha, madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wachache kuliko shida. James Gordon, daktari wa akili kutoka Washington aliyekuwa ameanzisha kituo chake cha tiba ya akili na mwili mwaka wa 1991, alienda huko na wenzake. Badala ya kujaribu kuleta madaktari wa kutosha, waliwafunza walimu wa sekondari. Walimu hao nao walikuwa wametoka kwenye vita vile vile. Walikuwa wamepoteza watu.

Utaratibu ulikuwa huu, na ndio sababu naandika makala yote haya. Mwalimu hakupewa kwanza karatasi ya kufundishia. Aliketi kwanza kwenye duara kama mshiriki, akapumua, akachora hofu yake, akacheza dansi ya kujitikisa hadi jasho, akajifunza kuuambia mwili wake kwamba mikono ni mizito na ina joto. Zoezi hilo la mwisho lilianzishwa na daktari Mjerumani, Johannes Schultz, aliyelichapisha mwaka wa 1932. Huwezi kulidanganya: ukitulia kweli, damu inarudi vidoleni na vidole vinapata joto, na joto hilo linaweza kupimwa. Baada ya kuyapitia yeye mwenyewe, ndipo mwalimu alifunzwa kuongoza wanafunzi, na hata hapo aliongoza akiwa na daktari au mwanasaikolojia wa kumuuliza.

Matokeo? Ripoti ya kwanza, ya mwaka wa 2004, ilihusu wanafunzi 139 wa sekondari waliopitia mpango wa wiki 6, na dalili za kiwewe zilipungua. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu mwenye akili zake anaweza kusema wangepona hata bila mafunzo. Kwa hivyo wakarudia kwa ukali zaidi. Vijana 82 wenye kiwewe cha vita waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaanza mara moja na nusu wakasubiri zamu. Vipindi vilikuwa 12, vikiongozwa na walimu. Waliofunzwa walipungukiwa na dalili kuliko waliokuwa wakisubiri, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hiyo ilichapishwa mwaka wa 2008. Vijana 82 si wengi, na sitajifanya ni taifa zima. Ila kumbuka walioongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu ambao wenyewe walikuwa wamepumua kwanza.

Sasa weka hiyo kando ya kilichotokea Uingereza. Mwaka wa 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa MYRIAD, zaidi ya wanafunzi 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Walimu walifunza darasa zima mazoezi ya kutuliza akili, kila mtu, atake asitake. Ikilinganishwa na shule zilizoendelea na masomo yao ya kawaida, hakukuwa na tofauti ya maana, na wanafunzi wengi hawakuwa wakiyafanya mazoezi nje ya darasa. Hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji wa programu za kutulia hawakuambii. Sisi Wakenya tunapenda kufanya kitu kwa mstari, shule nzima paredi, "vuta pumzi, toa pumzi", kama gwaride la Madaraka. Haitafanya kazi. Kijana asiye na shida anachoka, mwenye shida anaona haya.

Ndiyo maana nasema tuanzie kwa washauri rika. Ni wachache, wamejitolea, na wana sababu ya kufanya mazoezi hata bila mwalimu kuwaangalia, kwa sababu usingizi ni wao.

Na usiniambie kijana hawezi. Hapa hapa Kenya tuna ushahidi kwamba anaweza mengi. Kikundi cha Shamiri, kilichoanzishwa na Tom Osborn, Mkenya mwenzetu, kiliwafunza vijana waliotoka tu sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi wenye dalili za huzuni na wasiwasi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulihusu wanafunzi 413 wa shule za Nairobi na Kiambu, na waliokuwa kwenye vikundi vya Shamiri walipata nafuu zaidi ya wale waliofunzwa mbinu za kusoma. Shamiri hawafunzi kulegeza misuli. Vipindi vyao vilihusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika, shukrani, na mambo unayoyathamini. Lakini wamejibu lile swali la umri. Hawa walikuwa vijana wa kama miaka 18 hadi 22, na walifanya kazi ambayo wengi wangesema ni ya mtu mwenye shahada na kioo cha macho.

Mshauri rika wa Kidato cha Tatu ni mdogo zaidi, nakubali, ndiyo sababu ya kumfunza kwa uangalifu. Kama ningepewa likizo moja ya Aprili na darasa lenye madirisha mazuri, siku tatu za kwanza hakuna mtu angejifunza kumshauri mtu. Siku ya kwanza mkono wa Jacobson tu, na taya, na mabega. Siku ya pili kupumua: kiganja kimoja tumboni, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, manake moyo hupunguza mwendo unapotoa pumzi, na hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa vidole viwili kwenye mshipa wa mkono. Siku ya tatu tungesikilizana hadithi ndogo, si za kuumiza sana, huku kila mmoja akiangalia mwili wake umebana wapi. Kisha wiki nzima ya kufanya usiku bila kusimamiwa, turudi tuambiane ukweli. Wengine watasema walilala usingizi katikati. Sawa. Usingizi ni matokeo pia.

Kuna onyo moja ambalo lazima lifunzwe pamoja na mbinu, si baadaye. Mwaka wa 1983 Borkovec yule yule wa mwongozo mfupi, pamoja na Frederick Heide, waliripoti kwamba baadhi ya watu wenye wasiwasi wa muda mrefu huongezeka wasiwasi wanapofunzwa kutulia. Si wote, lakini wapo. Kwa mtu aliyeumizwa gizani, kufunga macho na kulala chali si utulivu, ni kurudi kule. Kwa hivyo mshauri rika asimlazimishe mtu kufunga macho, kamwe. Macho wazi, miguu chini, mlango usifungwe. Na mtu akisema "hii inanitisha", basi, mnaacha, mnatembea uwanjani mkiongea juu ya mpira. Anayefundishwa mbinu bila onyo hili anapewa kisu bila mpini.

Halafu kuna yale ambayo pumzi haiyagusi. Hadi juzi tu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema aliyejaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria mshauri rika wa miaka hiyo: rafiki anamwambia alijaribu wakati wa likizo, na kisheria amekiri kosa. Wangapi walinyamaza kwa sababu hiyo, na wangapi waliosikia wakanyamaza nao, wakidhani wanamlinda? Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sheria imebadilika kuliko tabia. Bado nakutana na washauri rika wanaoamini kwamba siri ni siri hata ikiwa ni ya kifo.

Siyo. Hilo ni jambo la kumwambia mtu mzima usiku huo huo, na unamwambia mwenzako kabla ya kwenda: "Hii siwezi kubaki nayo peke yangu, twende wote." Inatakiwa sauti isitetemeke, na hapo ndipo yale mazoezi ya kiganja na tumbo yanaingia kazini, kwa dakika mbili, kwenye ngazi za bweni, kabla ya kugonga mlango wa matroni. Kama matroni si mtu wa kuaminika, kuna 116, laini ya watoto, ni bure na inapokelewa usiku. Iandikwe nyuma ya beji.